Barua ya Wazi kwa Waziri wa Nishati: Umeme Unaopotelea Kwenye Mashine za Wafanyabiashara Wadogo

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Nishati,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Mji wa Serikali, Mtumba, Dodoma.

Nakala: Waziri wa Fedha, Mkurugenzi Mkuu wa EWURA, Mkurugenzi Mtendaji wa TANESCO.

Mheshimiwa Waziri,

Barua hii imeandikwa kwa ajili ya watu ambao ni nadra kuandika barua kwa wizara: wenye mashine za kusaga na kukoboa wa Manzese na Tandale jijini Dar es Salaam, wakamuaji wa alizeti wa Singida, mafundi wa kuchomelea wa Gerezani, maseremala wa Keko, na wauza samaki wenye mafriza pale Kirumba Mwaloni, Mwanza. Hawakuituma wao. Lakini kila hesabu iliyomo humu inatoka mifukoni mwao.

Kwanza, haki itendeke kwa kusema lililofanyika. Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, limeongeza megawati 2,115 kwenye gridi ya Taifa. Mtambo wake wa kwanza uliwashwa Februari 2024, wakati wafanyabiashara wamechoshwa na mgao. Umeme umepelekwa vijijini kwa kasi ambayo kizazi kilichotangulia hakikuiona. Na sasa upo Mkakati wa Taifa wa Matumizi Bora ya Nishati, wa mwaka 2024 hadi 2034.

Manung'uniko yanaanzia hapo. Serikali imegharamia kuzalisha umeme, kuusafirisha na kuufikisha mlangoni. Ukishavuka mlango wa mfanyabiashara mdogo, anaachwa peke yake. Mkakati upo Dodoma. Msagaji wa Manzese hajui agonge mlango wa ofisi gani ili apate mtu wa kumkagulia mashine, wa kumshauri anunue mota ipi, au wa kumkopesha fedha za kuinunua. Hoja zenyewe ni hizi.

1. Umeme mwingi unapotelea kwenye mota, na mwenye mota hana namna ya kujua.

Ingia kwenye mashine ya kusaga asubuhi, kabla vumbi la unga halijafunika kila kitu. Mota imefungwa pembeni ya kinu. Mkanda umelegea, unapiga kelele kila mzigo unapozidi. Kwenye ganda la mota rangi imebabuka pale fundi alipolifungua mara ya mwisho, na kibati cha kiwandani chenye maelezo ya nguvu na ufanisi kimefutika au kimeng'oka. Mota ya namna hiyo imeshaungua na kusukwa upya, pengine zaidi ya mara moja, kwa waya uliopatikana siku hiyo.

Fundi wa kusuka mota ni mtu wa kuheshimiwa. Anafufua chombo ambacho kwingine kingetupwa, tena kwa vifaa vichache mno. Ila akichoma waya wa zamani kwa moto mkali ili utoke haraka, chuma cha ndani huharibika. Na akisuka kwa waya mwembamba kuliko ule wa mwanzo, mota hurudi kazini ikila umeme zaidi kwa kazi ile ile. Mwenye mashine haoni tofauti. Mota inazunguka, unga unatoka, uniti zinakwisha, naye anaamini kwamba umeme umepanda bei.

Hebu tupige hesabu kwa mota mpya tu, tuiache kwanza iliyosukwa. Kwa viwango vya kimataifa, mota ya kilowati 15 ya daraja la ufanisi la IE1 hugeuza asilimia 88.7 ya umeme kuwa nguvu ya kuzungusha kinu. Ya daraja la IE3 hugeuza asilimia 92.1. Kwa maneno ni tofauti ndogo. Mashine ikifanya kazi saa 10 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, kwa mzigo kamili, tofauti hiyo inafika karibu uniti 1,870. Kwa bei zilizoanza Aprili 2016, mteja wa daraja la T1, la matumizi ya kawaida, hulipa shilingi 292 kwa uniti, na zikiongezwa VAT, tozo ya Wakala wa Nishati Vijijini (REA) na tozo ya mdhibiti wa nishati, EWURA, inafika takriban shilingi 356. Kwa hiyo mwenye mota ya IE1 anapoteza zaidi ya shilingi 660,000 kwa mwaka, kwa sababu tu siku alipokwenda kununua hakuna aliyemwambia kwamba mota zina madaraja.

Mota hiyo hiyo ya IE1 hula umeme wa kama shilingi milioni 18 kwa mwaka, mara kadhaa ya bei iliyonunuliwa. Dukani mtu huuliza bei ya mota, maana ndiyo inayotoka mfukoni siku hiyo. Gharama ya kuiendesha inalipwa kidogo kidogo kwa tokeni, na hakuna anayeijumlisha. Mshauri pekee aliye karibu ni muuza duka.

Gharama hiyo haibaki kwa msagaji. Inaingia kwenye bei ya kilo ya sembe, na anayeilipa mwishowe ni mama anayepima unga wa nusu kilo jioni.

2. Bili ya kiwanda kidogo inadai fedha bila kueleza sababu.

Mwenye kiwanda akivuka wastani wa uniti 7,500 kwa mwezi anaingia daraja la T2. Bei ya uniti inashuka hadi shilingi 195, lakini analipia pia kiwango cha juu kabisa alichovuta katika mwezi, shilingi 15,004 kwa kila kVA. Hapo ndipo wengi wanaumia bila kujua wanaumizwa na nini.

Mota kubwa kuliko kazi yake, mota inayozunguka bila mzigo, mashine ya kuchomelea ya mtindo wa zamani: zote hizi huvuta kutoka kwenye laini zaidi ya kile zinachokifanyia kazi. Mafundi umeme huita jambo hili pawa fakta. Chukua kiwanda cha kukamua alizeti chenye mzigo wa kilowati 50. Pawa fakta ikiwa 0.70, mita itasoma kVA 71. Kikifungwa kapasita za kutosha na pawa fakta ikapanda hadi 0.95, mita itasoma chini ya kVA 53, na mafuta yanayotoka ni yale yale. Tofauti ni kama shilingi 280,000 kwa mwezi kabla ya VAT. Kwa mwaka inazidi milioni 3.3.

Kapasita ni sanduku linalofungwa ukutani karibu na mein swichi. Shirika la umeme, TANESCO, nalo hunufaika likifungwa, kwa sababu mkondo unaopita kwenye nyaya na transfoma unapungua, transfoma inapoa, na jirani anayelia kwamba umeme wake ni hafifu anapata nafuu. Ni nadra kupata jambo ambalo mteja na shirika wote wanapata faida siku ile ile. Basi kwa nini mwenye kiwanda alisikie kwa bahati, kutoka kwa fundi aliyepita kutengeneza kitu kingine?

3. Nchi haijaweka lango la kutosha kwa friji na mafriza yaliyokwisha maisha kwingine.

Friza kuukuu inayoshushwa bandarini huonekana nafuu kwa mama anayeanza biashara ya samaki au juisi. Mpira wa mlango umekakamaa, baridi inavuja, kompresa haipumziki mchana wala usiku. Baada ya miezi michache nafuu ya bei yote imeishia kwenye LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla.

Ghana ilipita njia hii. Uchunguzi ulionyesha kwamba friji za wananchi zilikuwa zikila wastani wa uniti 1,200 kwa mwaka, mara kadhaa ya friji mpya yenye ufanisi. Kanuni ya kupiga marufuku uingizaji wa friji zilizotumika ilipitishwa mwaka 2008 na kuanza kusimamiwa rasmi Januari 2013. Jambo la kujifunza ni kwamba serikali ile haikuishia kwenye marufuku: aliyerudisha friji kuukuu alipewa punguzo la kununua mpya. Marufuku bila punguzo yangewaumiza wale wale ambao barua hii inawatetea, na Wizara isikubali kuanza na fimbo.

4. Jibu kwamba "sasa umeme upo" halitoshi.

Huenda washauri wako, Mheshimiwa, watasema kwamba nchi yenye bwawa la megawati 2,115 haina haja ya kubana matumizi. Wafanyabiashara wanaijua hoja hiyo, nao wanakumbuka mgao wa 2006, wa 2011, wa 2022 na wa 2023. Maji ya mito hayana mkataba na mtu.

Tena uwezo wa kuzalisha ni jambo moja, na kufikisha umeme ni jingine. Mapema mwaka 2025 Serikali yenyewe ilieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, na sababu iliyotajwa ni upotevu unaotokea umeme unaposafiri masafa marefu kutoka kwenye mitambo iliyo mbali. Kila uniti ambayo mashine ya Arusha au Moshi haiihitaji tena ni uniti isiyosafirishwa, isiyopotea njiani na isiyonunuliwa nje. Na hata kama mabwawa yangejaa miaka kumi mfululizo, msagaji bado angekuwa anailipia ile uniti iliyogeuka joto kwenye mota mbovu.

5. Serikali inajua kutoa ruzuku, na fedha zipo.

Hili ndilo linalotia uchungu zaidi, kwa sababu njia zote zimeshajaribiwa. Kupitia REA, wananchi wameuziwa mitungi ya gesi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku. Ruzuku ya mbolea ilizinduliwa Mbeya kwenye Nane Nane ya 2022, ikiwa na utaratibu wa kumsajili mkulima na kumtambua dukani. Tangu Agosti 2021, kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU kila mwezi. Yaani nchi ina orodha ya wateja, ina mtandao wa mawakala, na ina mita inayoweza kukata fedha kidogo kidogo bila mtu kupanga foleni. Kipi kimebaki?

Upande wa fedha, Hatifungani ya Kijani ya benki ya CRDB ilifunga mauzo ya awamu ya kwanza mwaka 2023 ikiwa imekusanya zaidi ya shilingi bilioni 171, wakati lengo lilikuwa bilioni 40. Watanzania wako tayari kuwekeza katika mazingira wakiaminishwa. Benki Kuu ina utaratibu wa dhamana ya mikopo kwa biashara ndogo na za kati. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachohitaji kubuniwa upya.

Na msagaji si ombaomba. Tozo ya REA ni asilimia 3 ya bei ya umeme. Mwenye mashine anayetumia uniti 50,000 kwa mwaka huchangia kama shilingi 438,000 kila mwaka kwenye kuwasha vijiji. Anachangia kwa moyo safi, maana mahindi anayosaga yanatoka huko. Haitakuwa dhuluma kwa mtu yeyote akirejeshewa sehemu, mara moja tu, ili anunue mota itakayompunguzia mzigo yeye na gridi.

Jirani zetu wa Kenya walianza mapema. Mwaka 2006 serikali yao na chama cha wenye viwanda walianzisha kituo cha ufanisi wa nishati kinachokagua viwanda, vidogo vikiwemo, na kuwashauri wenyewe. Kanuni za 2012 zikamtaka kila anayetumia zaidi ya uniti 180,000 kwa mwaka afanyiwe ukaguzi wa nishati kila baada ya miaka mitatu, kisha atekeleze angalau nusu ya akiba iliyobainishwa. Afrika Kusini nayo, kuanzia 2013, iliwapa wafanyabiashara punguzo la kodi kwa kila uniti iliyothibitishwa kuokolewa. Nchi hizo hazikosi matatizo yao ya umeme, wala hapa hazitolewi kama mfano wa kila kitu. Zinatajwa kwa sababu mwenye kiwanda cha Nairobi anayeuza unga au mafuta katika soko moja la Jumuiya ya Afrika Mashariki na mwenzake wa Tanzania amekuwa na mtu wa kumshauri kwa karibu miaka ishirini.

6. Yanayoombwa.

Kwanza kabisa, ukaguzi wa nishati wa bure kwa wateja wa T1 wenye mashine na kwa viwanda vidogo vya T2. Shirika la utafiti wa viwanda, TIRDO, lililoanzishwa mwaka 1979, lina wataalamu wa kazi hii. SIDO, shirika la viwanda vidogo, iko kila mkoa na inawafahamu wajasiriamali kwa majina. Waunganishwe, wapewe bajeti na vipimo, waanze na maeneo matatu: Manzese na Tandale kwa nafaka, Singida kwa alizeti, Mwanza kwa baridi ya samaki. Ukaguzi wa mashine moja ya kusaga haumalizi siku. Mkaguzi anapima mkondo, anaangalia mkanda na puli, anasoma mota kama kibati bado kipo, kisha anamwachia mwenye mashine karatasi moja ya Kiswahili inayosema: badilisha hiki, utaokoa kiasi hiki kwa mwezi.

Karatasi peke yake haitoshi, ndiyo maana ombi la pili ni mpango wa kubadilisha mota. Mwenye mashine alete ile kuukuu, ipondwe mbele yake isirudi sokoni, apewe hati ya punguzo ya kununua ya IE3 kwa muuzaji aliyesajiliwa. Salio alilipe kwa LUKU kwa miezi 24, kwa kiasi kisichozidi anachookoa. Akinunua tokeni asione maumivu mapya. Dhamana itoke kwenye utaratibu uliopo Benki Kuu, ili benki isimwombe hati ya nyumba mtu anayekopa fedha za mota.

Kwa Waziri wa Fedha, ombi ni la kodi. Vifaa vya sola vilipewa msamaha wa VAT ili kumsaidia mwananchi azalishe uniti zake. Uniti inayookolewa na mota bora au na kapasita ina thamani ile ile kwa nchi, na kwa kawaida hupatikana kwa gharama ndogo zaidi. Mota za IE3 na kuendelea, kapasita za kurekebisha pawa fakta, na mafriza yenye ufanisi uliothibitishwa na shirika la viwango, TBS, vistahili msamaha huo.

TANESCO na EWURA wanaombwa jambo ambalo halina gharama ya kutisha: bili ya T2 ioneshe pawa fakta ya mteja, na mstari mmoja chini yake useme ni shilingi ngapi alizolipa mwezi huo kwa sababu ya upungufu wake. Anayezidi kiwango fulani cha hasara apigiwe simu na ofisi ya wilaya. Kwa mteja wa T1, ujumbe wa LUKU mwishoni mwa mwezi umpe jumla ya uniti alizotumia na za mwezi uliopita, aweze kulinganisha.

Mafundi wasisahaulike. VETA, mamlaka ya ufundi stadi, iwape mafunzo mafupi wanaosuka mota, tena mtaani kwao, si darasani kwa miezi sita huku familia ikilala njaa. Wapewe cheti, wapatiwe vipimo vya kukopa, na mota iliyosukwa na fundi mwenye cheti itambuliwe kwenye mpango. Bila hivyo mpango mzima utaonekana umekuja kuwanyang'anya kazi, nao watakuwa na haki ya kuupinga.

Mwisho, matokeo yatangazwe. Kila robo mwaka Wizara iseme mashine ngapi zimekaguliwa, mota ngapi zimebadilishwa, uniti ngapi zimeokolewa na fedha kiasi gani zimetumika, wilaya kwa wilaya. Kama Manzese imefanikiwa na Singida imekwama, wananchi wajue ni kwa nini.

Mheshimiwa, Mkutano wa Bunge wa Bajeti huanza Aprili na kufungwa Juni. Hotuba ya Wizara yako husomwa katikati ya kipindi hicho, na wafanyabiashara huisikiliza redioni huku mashine zikinguruma. Wanaomba mwaka huu wasikie ndani yake kifungu chenye jina la mpango huu, kiasi cha fedha kilichotengwa, tarehe ambayo mkaguzi wa kwanza atafika Manzese, na cheo cha ofisa atakayejibu iwapo mkaguzi huyo hatafika.

Wako kwa heshima na taadhima,

Mwandishi wa barua hii, kwa niaba ya wanaolipa tokeni